Mtalawanda wa kuchomeka usiovuka mguuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi viatu, maseremala na wengine wa Mtwara na Lindi wanaotaka kutengeneza mtalawanda wa kuchomeka: soli ya mbao, ngozi mbele, nyuma wazi. Vipimo vyote vya mfano ni vya mguu wa sentimita 25, yaani namba 40. Tunaposema "mkunjo wa vidole" tunamaanisha mstari ambapo vidole hukunjia unapotembea, na "mgongo wa mguu" ni ule upande wa juu, kati ya vidole na kifundo.

## Mambo ya mwanzo

1. Kiatu kisicho na nyuma kinashikwa na nini mguuni?

Kinashikwa na vitu vitatu vinavyosaidiana. Cha kwanza ni ngozi inayokumbatia mgongo wa mguu, mahali ambapo mifupa imepanda na haisogei. Cha pili ni umbo la chini la ubao: ubao haukunjiki, kwa hiyo lazima ubingirike mbele, la sivyo mguu utakunja na ubao utabaki chini. Cha tatu ni uso wa juu wa ubao, wenye kikombe cha kisigino na usioteleza.

Kubana vidole hakumo katika orodha hiyo. Kiatu kikivuka, yaani kikijivua chenyewe mguuni, mafundi wengi hukimbilia kupunguza upana wa mbele. Matokeo yake vidole vinaumia na kiatu bado kinavuka, kwa sababu sehemu ya vidole ndiyo inayonyanyuka na kushuka kila hatua. Mgongo wa mguu hautikisiki, nao ndio wa kushikwa.

2. Una tofauti gani na mtalawanda wa msuruaki?

Mtalawanda wa msuruaki, ule wa bafuni na wa kutilia udhu, hushikwa kwa vidole viwili vinavyobana kijiti. Ni kiatu cha hatua chache. Wa kuchomeka unavaliwa kutwa nzima dukani au jikoni, kwa hiyo vidole havipaswi kufanya kazi yoyote. Vipimo vya msuruaki viko swali la 19.

3. Nitajuaje kama umekaa vizuri?

Tembea hatua kumi kwenye sakafu ngumu, mtu mwingine akikutazama kwa pembeni. Kisigino kikiachana na ubao kwa sentimita 1 hadi 1.5, hiyo ni kawaida ya kiatu cha aina hii. Ikizidi sentimita 2.5, kinapwaya. Halafu panda ngazi tatu na ushuke.

Kipimo cha pili huchukua siku mbili tatu. Angalia alama za jasho juu ya ubao. Zikiwa za mviringo na zimetulia, vidole vimelala. Zikiwa ndefu, nyeusi na zimeburutwa kuelekea nyuma, mvaaji anakunja vidole kushika kiatu, na ndiyo maana analalamika kuwa muundi unamuuma jioni.

## Vipimo

4. Mguu unapimwaje?

Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, mtu akiwa amesimama na uzito wote. Pima miguu yote miwili. Chora unyayo kwenye karatasi, penseli ikiwa wima kabisa. Ukiilaza kuelekea ndani, upana wote utakuwa wa uongo. Kisha kwa futi ya cherehani chukua vipimo vitatu: urefu, mzunguko wa mkunjo wa vidole, na mzunguko wa mgongo wa mguu nusu ya njia kutoka ncha ya kidole hadi kisigino. Mzunguko huu wa tatu ndio unaosahauliwa zaidi.

Kupata namba ya kiatu, chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa 25 unatoa 39.75, yaani namba 40.

5. Ubao uwe mrefu kiasi gani kuliko mguu?

Acha milimita 10 hadi 12 mbele ya kidole kirefu na milimita 5 nyuma ya kisigino. Ubao ukizidi sana nyuma, mtu hujikanyaga kisigino akishuka ngazi. Ukipungua, ukingo hukata kisigino katikati.

6. Ngozi ya juu ifike wapi?

Nusu ya urefu wa mguu, au kupita kidogo. Kwa mguu wa sentimita 25, ukingo wa ngozi uangukie sentimita 13 hadi 14 kutoka ncha ya kidole gumba. Ukiishia sentimita 10 au 11, ngozi inashika sehemu inayotikisika na kiatu kitavuka hata ukikikaza namna gani. Ukifika 16, ukingo unaingia kwenye mkunjo wa kifundo na kuchubua.

Kabla ya kukata ngozi, kata boksi la karatasi ngumu kwa umbo hilo, ligandishe kwenye ubao kwa selotepu na utembee nalo chumbani. Boksi halitanuki kama ngozi, lakini mahali ukingo unapoangukia utapaona pale pale. Ni kazi ya dakika chache inayookoa kipande kizima cha ngozi.

7. Kisigino kinyanyuke kiasi gani?

Kwa kiatu cha kutwa, kisigino milimita 35 na unene wa mbele milimita 20 hadi 22, yaani tofauti ya milimita 13 hadi 15. Tofauti hiyo husukuma mguu mbele kidogo, ukaingia vizuri kwenye ngozi. Ikizidi milimita 25, vidole vinagonga mbele.

## Ubao

8. Mti gani unafaa, na je, mpingo?

Mninga ndio chaguo la kwanza. Ni mwepesi kiasi, na ukishakauka haujikunji wala kucheza sana hewa inapobadilika kutoka kiangazi kwenda masika, jambo lenye uzito mkubwa katika mwambao wenye unyevu kama wa Mikindani au Kilwa. Mwembe unafaa kwa bei na unachongeka kirahisi, ila ukikaa bila kukaushwa vizuri huliwa na wadudu. Mkorosho mkuukuu uliokatwa shambani unafaa pia, mradi umekauka na gome limetolewa lote, maana utomvu wake mbichi unaunguza ngozi. Msufi ni laini mno: msumari haushiki.

Mpingo haufai kwa soli. Soli moja ya namba 40 ni kama sentimita za ujazo 520. Kwa mninga hiyo ni gramu 310 hivi. Kwa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, ni kama gramu 620. Uzito huo unaning'inia kwenye mgongo wa mguu kila hatua, na kiatu kisicho na nyuma kikiwa kizito hujivua chenyewe. Mabaki ya mpingo yanayopatikana kwa wachonga vinyago yatumie kwa msuruaki.

Huna haja ya kununua mbao nzima. Vipande vinavyobaki kwenye karakana za fanicha vyenye unene wa sentimita 5, upana wa 11 na urefu wa 28 vinatosha. Vinunue kwa stakabadhi, kwani uvunaji na usafirishaji wa mninga unahitaji vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

9. Nitajuaje kuwa ubao umekauka?

Mizani ndiyo inayokujibu. Paka rangi au nta kwenye ncha mbili za kipande, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na kuzipasua. Panga vipande kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Pima kipande kimoja kila wiki na uandike uzito kwa penseli juu yake. Uzito ukibaki ule ule kwa wiki tatu mfululizo, kimekauka kwa hewa ya hapo ulipo. Anza mwezi wa sita, kiangazi kinapokuwa kimeshika. Vipande vinavyoanikwa katikati ya mvua huota ukungu kabla ya kukauka.

Ubao wa Masasi au Nachingwea ukiletwa mwambaoni utanyonya unyevu na kutanuka kidogo. Uache wiki mbili karakanani kabla ya kuuchonga.

10. Soli inachongwa kwa hatua zipi?

Kwanza angalia nyuzi za mti. Lazima zifuate urefu wa mguu. Zikikata mshazari mbele, ncha itavunjika siku ya kwanza mvaaji atakapojikwaa.

Chora umbo la pembeni kwenye ubao. Chini, pawe bapa kutoka kisigino hadi asilimia 60 ya urefu, yaani sentimita 15 au 16 kutoka nyuma. Hapo anza kupandisha mviringo taratibu hadi ncha iwe imenyanyuka milimita 20 kutoka sakafuni. Mnyanyuko huu ndio roho ya kiatu. Ukiwa chini ya milimita 12, mvaaji anatembea kwa kuburuta na kisigino kinachomoka. Ukipita 30, anajihisi anaanguka mbele. Mwanzo wake uwe nyuma kidogo ya mkunjo wa vidole. Ukianzia mbele ya mkunjo, mguu unakunja kabla ubao haujaanza kubingirika, na hapo ndipo kiatu kinapovuka.

Kata umbo la pembeni kwa msumeno, kisha umbo la unyayo. Chimba uso wa juu kwa patasi ya mviringo: kikombe cha kisigino milimita 6 hadi 8 kwenda chini, uvungu wa unyayo uachwe ukipanda milimita 8 hivi upande wa ndani, na chini ya vidole acha kituta cha milimita 3 ili vidole vipumzike juu yake. Kituta kikizidi hapo, kinageuka kokoto.

Upande wa chini, kati ya kisigino na mkunjo, chimba mbao isiyo na kazi ili kupunguza uzito, ila acha unene usiopungua milimita 15. Malizia kwa tupa na msasa namba 120 juu, na ukomee hapo. Msasa laini zaidi unaufanya uso ung'ae na mguu wenye jasho uteleze. Funika pua na mdomo wakati wote wa msasa; vumbi la mninga huwasha.

11. Nipake nini?

Mafuta ya kitani, koti mbili nyembamba, kila moja ikauke siku mbili tatu. Futa yaliyobaki juu kwa kitambaa. Kitambaa hicho kitandaze nje kikauke, usikifinye kwenye kona, kwani mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto na kitambaa kinaweza kushika moto chenyewe. Vanishi paka pembeni tu, kamwe usiipake pale mguu unapokaa.

Mafuta ya nazi hayakauki: yanabaki yakiteleza na baadaye yananuka. Na mafuta ya ganda la korosho, ambayo wengine huyapaka kwenye nguzo dhidi ya mchwa, usiyaweke kabisa kwenye kiatu. Yanababua ngozi ya mtu hadi malengelenge.

## Ngozi, misumari na mpira

12. Ngozi gani?

Ya ng'ombe, unene milimita 2 hadi 2.5. Ivute kwa mikono pande zote mbili uone ni upande upi hautanuki sana, kisha kata ili upande huo upite kutoka ukingo hadi ukingo juu ya mguu. Ukikosea hapa, baada ya mwezi kiatu kitakuwa ndara. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba. Itumie kama bitana. Chini ya ukingo wa juu shona sponji ya milimita 4, upana wa sentimita 2.5. Sufi usiijaze humo, inalala baada ya siku chache.

13. Ngozi inawambwaje?

Pima kwa futi kutoka ukingo wa ubao, juu ya mgongo wa mguu, hadi ukingo wa pili, kisha ongeza milimita 15 kila upande za kupigilia. Loweka ngozi kwenye maji ya kawaida dakika 15 hadi 20, iwe laini bila kuchuruzika. Weka kalibu, yaani umbo la mguu la kuwambia ngozi, juu ya ubao. Kama huna, mguu wa mteja mwenyewe uliovalishwa soksi na mfuko wa plastiki unatosha kwa hatua hii.

Anza na msumari mmoja wa muda ncha ya mbele, halafu mmoja kila upande kwenye ukingo wa juu, ukivuta kwa koleo. Hapo simama, upime. Kidole cha shahada kiingie kwa taabu chini ya ukingo. Kikiingia kirahisi, vuta tena. Juu ya vidole acha nafasi. Ngozi isiwambwe huko kama ngoma. Ukiridhika, pigilia iliyobaki kutoka mbele kurudi nyuma, pande zote mbili kwa zamu, na uache ikauke kivulini siku nzima au zaidi, na kalibu ndani kama unayo. Jua la mchana litaikakamaza.

14. Misumari ipi, na kwa nini inachomoka mbele?

Tumia ya shaba au iliyopakwa zinki, urefu milimita 15, nafasi ya milimita 10 hadi 12. Ya chuma kitupu huoza kwa jasho na hewa ya chumvi, na kutu lake hula ngozi kuzunguka tundu. Kabla ya kupigilia, chimba mfereji wa kina cha milimita 3 pembeni mwa ubao ili ngozi ilale ndani yake, na juu yake pigilia utepe wa ngozi wa milimita 8. Bila utepe, kila kichwa cha msumari kinabaki kimeshika ngozi peke yake, nayo inachanika tundu kwa tundu.

Inachomoka mbele kwa sababu huko msumari unaingia sambamba na nyuzi za mti, na hapo haushiki vizuri. Kwenye ncha tumia milimita 20, ukaribishe nafasi, na uipigilie mshazari. Pembeni ipishane juu na chini kidogo. Ikifuatana kwenye uzi mmoja, inapasua ubao. Kwenye mninga toboa kwanza kwa keekee nyembamba.

15. Chini niweke mpira gani?

Tairi la pikipiki lililokwisha, likipunguzwa hadi milimita 5 au 6. Matairi mengi ya magari yana nyaya za chuma chini ya kashata (meno ya tairi), zinazochoma na kuharibu visu. Kwaruza mpira na ubao kwa msasa mkali, paka gundi ya viatu pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Ongeza misumari mifupi sita. Wanaobandika gundi ikiwa bado mbichi hurudishiwa kiatu ndani ya wiki.

Mpira ufuate mviringo wa mbele hadi ncha kabisa. Ukiishia katikati, unaua mbingiriko uliouchonga kwa shida.

## Hitilafu

16. Kisigino kinapiga kelele kila hatua. Tatizo nini?

Fuata mpangilio huu kabla ya kugusa ngozi. Kwanza pima mnyanyuko wa ncha (swali la 10). Ukiwa mdogo, ongeza kwa kukwangua chini mbele. Pili angalia ukingo wa ngozi ulipoangukia (swali la 6). Tatu pima uzito (swali la 8). Kukaza ngozi kuwe kwa mwisho.

17. Ulikuwa vizuri, baada ya wiki mbili unapwaya.

Ngozi imetanuka, na ngozi zote hutanuka kiasi. Ng'oa misumari ya ukingo wa juu, mitatu au minne kila upande, vuta milimita 4 hadi 5, pigilia kwenye matundu mapya. Kwa wateja ambao miguu yao huvimba na kunywea, ni bora tangu mwanzo kuweka mkanda wenye bizimu juu ya mgongo wa mguu, matundu matano yenye nafasi ya milimita 8.

18. Ubao umepata ufa. Unatengenezeka?

Ufa wa kisigino usiofika katikati hujazwa gundi ya mbao na unga wa msasa, ukabanwa kwa jiliwa usiku mzima. Ufa unaopita mkunjo wa vidole hautengenezeki. Soli hiyo itupwe.

## Hali za pekee

19. Nataka msuruaki. Unakaa wapi?

Kati ya kidole gumba na cha pili, wala si katikati ya ubao. Simamisha mguu juu ya soli, kisigino kikiwa ndani ya kikombe, weka alama kwenye uwazi wa vidole, kisha sogeza alama mbele milimita 3. Bila nafasi hiyo kijiti kinakata ngozi laini ya katikati. Unene milimita 10 hadi 12, urefu sentimita 4 hadi 5, kichwa cha mviringo milimita 22. Mkia wake upitishwe chini na ukazwe kwa kabari, nayo ikatwe sawa na ubao.

20. Mguu mmoja ni mkubwa.

Tengeneza soli zote mbili kwa mguu mkubwa, ila ngozi iwambwe kila mmoja kwa mguu wake. Kwa mgongo wa mguu ulio juu sana, pasua ngozi kila upande na ushone lastiki ya sentimita 2.

21. Unafaa bafuni, au kwenye mashamba ya chumvi?

Bafuni tumia wa msuruaki. Ngozi ikilowa kila siku hutanuka na kuoza. Kwenye chumvi hata misumari ya zinki haidumu. Huko tumia ya shaba na suuza kiatu kwa maji baridi jioni, bila kukianika juani.

22. Ni wapi usivaliwe kabisa?

Kuendesha bodaboda, kupanda ngazi ya kuegemea, na kubeba mzigo kichwani kwenye mteremko. Kwenye tope la masika pia: tope hunyonya soli pana, na hakuna umbo la kiatu kisicho na nyuma litakalolishinda. Vaeni mabuti.

23. Mteja ana kisukari na ganzi miguuni. Nimtengenezee?

Hapana. Kituta, kichwa cha msumari au mchanga ulionaswa vitamchubua bila yeye kuhisi, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni hatari. Anahitaji kiatu laini kilichofunika mguu wote. Mwelekeze kliniki ya kisukari ya hospitali iliyo karibu naye, wamwangalie miguu kabla hajanunua kiatu cha aina yoyote.